Jinsi ya kukadiria umbali na muda wa safari kati ya miji miwili, kwa ndege na kwa gari

Mimi hupanga safari za watu, na karibu kila mteja huanza na swali lile lile: ni mwendo wa saa ngapi? Wengi huchukua kilomita, hugawa kwa mwendokasi, wakaishia hapo. Hao ndio wanaoachwa na ndege. Tuchukue London na Paris tufanye hesabu pamoja.

Hatua ya 1: Umbali wa angani

Andika latitudo na longitudo za kila mji. London ni 51.51 Kaskazini na 0.13 Magharibi, Paris ni 48.86 Kaskazini na 2.35 Mashariki.

Latitudo zinatofautiana kwa nyuzi 2.65. Zidisha kwa 111, maana nyuzi moja ni takriban kilomita 111: unapata 294.

Longitudo moja iko magharibi na nyingine mashariki, kwa hiyo hapa unajumlisha: 2.48. Sasa kuwa makini. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo baada ya kuzidisha kwa 111, zidisha tena kwa kosaini (kitufe cha cos kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati: latitudo hiyo ni nyuzi 50.2, na kosaini yake ni 0.64. Jibu ni 176.

Malizia kwa kanuni ya Pythagoras: kipeuo cha pili cha 294² + 176² ni kilomita 343. Miji ikiachana kwa maelfu ya kilomita, njia hii haifai tena. Tumia kanuni ya haversine, inayozingatia mviringo wa dunia.

Hatua ya 2: Muda wa ndege

Kilomita 343 gawa kwa mwendokasi wa ndege, kama kilomita 850 kwa saa, ni dakika 24 tu. Ratiba lakini huonyesha zaidi ya saa moja! Ndege hutembea ardhini kwanza, hupanda taratibu, kisha hupunguza mwendo mapema ili itue. Ongeza dakika 30 hadi 45, na zaidi kwenye viwanja vyenye msongamano. Kisha jumlisha safari ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kusubiri mizigo.

Hatua ya 3: Barabara

Usikisie kutokana na umbali wa angani. Pima kwenye ramani. London hadi Paris ni kama kilomita 460, na gari huvushwa kwa treni chini ya bahari. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana ng'ambo ya mto Kongo, lakini hakuna daraja kati yao.

Wastani wa mwendo nao una mtego. Kilomita 100 kwa mwendo wa 100, kisha 100 nyingine kwa mwendo wa 50, ni saa 3 kwa kilomita 200. Wastani ni 67, si 75. Kipande cha barabara mbovu hula muda mwingi kuliko urefu wake, kwa hiyo kokotoa kila kipande peke yake, kisha ongeza mapumziko na mipaka.

Hatua ya 4: Saa za mahali

Tiketi huandika saa za kila mji. Ukiondoka London saa 4:00 asubuhi ukatua Paris saa 6:20 mchana, umesafiri saa 1 na dakika 20, kwa sababu Paris iko mbele kwa saa moja.