Babu alikuwa na mke mwingine Nakuru? Namna ya kuchunguza uvumi wa ukoo

Kuna maneno yanayotoka matangani tu, usiku, moto ukishafifia na wageni wa mbali wakishalala. Kwamba babu alipokuwa kibarua wa reli Nakuru alikuwa na mke huko. Kwamba walizaa mtoto wa kiume. Kwamba shamba la nyumbani lilipopimwa, jina la mtoto huyo liliachwa makusudi. Asubuhi ukiuliza, hakuna aliyesema lolote.

Uvumi wa namna hiyo huchunguzika, ila si kwa kuushika mzima. Ukatekate kwanza. Huo una madai manne: babu alifanya kazi Nakuru, alikaa na mwanamke huko, mtoto alizaliwa, mtoto alinyimwa ardhi. Kila dai lina mashahidi wake na karatasi zake, na moja likiwa kweli halibebi mengine. Watu wengi hupata kipande cha babu, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, kikionyesha ameajiriwa Nakuru, wakarudi nyumbani kutangaza kwamba yote yamethibitika. Kilichothibitika ni kazi tu.

Chukua daftari, kila dai lipe ukurasa wake, na uandike uvumi kwa lugha ileile uliyoambiwa, Dholuo au za Kiluhya kama Lubukusu na Lulogooli, kabla ya kuugeuza Kiswahili. Hapa ndipo siri nyingi huyeyuka zenyewe. Mzee akisema “baba yake” huenda anamsema ndugu wa baba. Akisema “ndugu yake” huenda ni mtoto wa mama mdogo. “Nyumba ile nyingine” mara nyingi si Nakuru wala Tororo kule Uganda, ni nyumba ya mke wa pili ndani ya boma hilohilo.

Zito kuliko yote ni lile la “huyo si mtoto wa mzee”. Kwa Waluo, na kwa Waluhya wengi pia, mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, desturi ambayo Waluo huiita tero, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa marehemu. Mtu anaweza kuzaliwa miaka minne baada ya baba yake kufa, akabeba jina lake, akarithi shamba lake, na pasiwe na mtu aliyedanganya. Kabla ya kuita jambo hilo kashfa, tafuta mwaka aliokufa mzee na mwaka aliozaliwa mtoto. Ukiona pengo, umeona tero, hujaona uzinzi. Kwa hiyo uvumi huo unaweza kuwa kweli kwa damu na uwongo kwa mila, na ni lazima uamue mapema unachunguza upande upi.

Kuuliza watu

Anza na wazee, kwa kuwa karatasi zitangoja na wao hawatangoja. Muulize kila mmoja peke yake, hasa nyanya (dani kwa Waluo, kukhu kwa Waluhya) ambaye mwanawe mkubwa hupenda kumjibia. Wake walioolewa katika boma wanajua kuliko wanaume waliozaliwa humo, maana walipofika walilazimika kujifunza nani ni nani. Beba kilo mbili za sukari na majani ya chai. Pesa usitangulize, kwani hadithi inayolipiwa hurefuka.

Usiulize siri. Uliza mpangilio. “Mama, kati ya hawa nani alimbeba nani mgongoni?” Swali hilo moja hukupa mfuatano wa watoto bila mtu kuona kwamba unachimba, na mtoto asiyebebwa na yeyote wala kumbeba yeyote hujitokeza mwenyewe. La pili ni ng'ombe. Mahari ya shangazi fulani ndiyo iliyomwoza kaka yake fulani, na wazee hukumbuka hata rangi ya fahali aliyerudishwa. Kama babu alioa huko, kuna ng'ombe au pesa zilizotoka na kuna watu waliozipeleka. Ukikosa mpelekaji hata mmoja, ukweli unaweza kuwa kwamba babu aliishi na mwanamke asimwoe, na hilo ni dai tofauti.

Kwa miaka, usiulize “mwaka gani”. Uliza kabla au baada ya nini: nzige wa 1931, dhahabu ya Kakamega iliyoleta wazungu wengi tangu mwaka huohuo, vita vya Burma, ziwa lilipofurika mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uhuru wa 1963, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kwa Wabukusu uliza rika na mwaka wa tohara. Kwa kuwa huko hutahiri Agosti ya miaka shufwa, jibu la mwaka witiri lina kasoro mahali. Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho cha mzee usiiamini sana, hasa ikiwa ni Januari mosi. Mara nyingi karani aliikadiria kwa kumtazama usoni.

Majina nayo husema, kwa tahadhari. Opiyo na Odongo ni pacha na Okello huwafuata. Kwa Wabukusu ni Mukhwana na Mulongo, kisha Khisa. Ukikuta Odongo asiye na Opiyo, uvumi wa pacha aliyekufa mchanga unapata nguvu. Lakini jina hurithiwa kutoka kwa marehemu, kwa hiyo uliza kwanza aliitwa kwa ajili ya nani.

Karatasi zilizo nyumbani

Fungua sanduku la bati kabla ya kupanda matatu. Kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kibweta cha chuma kuanzia mwaka 1919 au 1920 hivi, huonyesha wilaya, mwajiri, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Zilinganishe na miaka waliyozaliwa watoto wa nyumbani. Kama babu alikuwa Nakuru miaka mitatu mfululizo na nyumbani hakuzaliwa mtoto kipindi hicho, hapo pana jambo la kufuatilia. Kumbuka pia kwamba hadi 1977 reli ya Kenya na ya Uganda ilikuwa shirika moja. Mfanyakazi aliweza kuhamishwa kutoka Kisumu hadi Jinja kwa barua ya msimamizi tu, na “alitorokea Uganda” ikawa imezaliwa. Kwa vizazi vya nyuma zaidi, “alizaliwa Uganda” huenda haihitaji hata safari, kwani Kisumu na Nakuru zenyewe zilikuwa ndani ya Uganda hadi 1902.

Kusanya programu za mazishi, zote, za pande zote. Hakuna hati inayodharauliwa kama hii, na hakuna inayofaa zaidi. Weka programu ya babu, ya nyanya na ya mtoto wao mkubwa mezani pamoja, uhesabu watoto waliotajwa katika kila moja. Jina linaloonekana katika mbili na kukosekana katika ya tatu ndilo la kuulizia, na swali la pili ni nani aliyeandika hiyo ya tatu.

Kanisani

Rejista za ubatizo za Kikatoliki ni hazina. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa Kisumu tangu 1903 na Mumias tangu 1904. Mwombe karani wa parokia atafute jina la ubatizo, miaka mitatu mbele na mitatu nyuma ya mwaka unaoukisia. Vitabu vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo Yosefu ni Josephus na Petro ni Petrus. Safu za baba na mama ndizo unazotaka, lakini usifunge kitabu kabla ya kusoma pambizo. Mkatoliki akifunga ndoa, parokia aliyobatizwa hujulishwa, na karani huandika pembeni wapi na lini. Mtoto aliyebatizwa Nakuru akaoa Busia miaka ishirini baadaye, njia yake imo pambizoni.

Makosa mawili hapa. La kwanza, watu wazima walibatizwa baada ya mafundisho, hivyo tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa. La pili, watu hutafuta ubatizo mahali ambapo haujawahi kuwako. Marafiki (Quakers) waliofika Kaimosi mwaka 1902 hawabatizi kwa maji, wala Jeshi la Wokovu. Kwao uliza orodha za wanachama, za askari wa Jeshi hilo, na za ndoa.

Ukikosa cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, hujathibitisha kitu. Ndoa za kimila hazikuwa zikipewa cheti kabla ya Sheria ya Ndoa ya 2014, usajili wa lazima wa vizazi ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu, na wanawake walianza kupewa kitambulisho mwaka 1978. Na cheti kilichochukuliwa mtu akiwa na miaka thelathini kinaeleza alichosema mwombaji siku hiyo. Hicho ni uvumi uliopigwa muhuri.

Shamba na mirathi

Kwa dai la ardhi unahitaji namba ya shamba. Sachi ya kawaida, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, itakuonyesha mwenye jina leo, na hiyo haitoshi. Omba nakala ya kadi ya kijani katika ofisi ya ardhi ya kaunti. Hiyo huonyesha nani aliandikwa kwanza, tarehe ya kila uhamisho, na kama ulikuwa zawadi, urithi au mauzo, aghalabu pamoja na bei. Kama shamba liliuzwa baada ya 1967, mauzo yalihitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na hapo huwa na ombi lenye majina.

Ukiona jina la kaka yake babu kwenye uandikishaji wa kwanza, tulia. Wakati wa upimaji, aliyekuwa nyumbani ndiye aliyeandikwa, na waliokuwa Nakuru au Kericho kazini waliwakilishwa. Mengine yalikuwa wizi, mengine yalikuwa amana. Tofauti utaiona kwenye kinachofuata: nani aliendelea kulima, nani alizikwa hapo.

Kisha mirathi. Tafuta jina la marehemu katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa sheria hutangaza maombi ya mirathi ya Mahakama Kuu na kutoa siku 30 za pingamizi. Matoleo mengi ya zamani yapo mtandaoni bure. Jaribu tahajia zote, Wekesa na Wegesa, Ong'ayo na Ongayo bila king'ong'o. Tangazo litakupa namba ya kesi, na ndani ya faili kuna barua ya chifu inayoorodhesha wake na watoto wote. Barua hiyo ndiyo inayokaribia zaidi kukiri kwa ukoo, kwa sababu iliandikwa wakati kila mtu alikuwa na cha kupoteza.

Kwa miaka ya ukoloni, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Usitafute “Kakamega”. Tafuta Kavirondo Kaskazini, iliyoitwa Nyanza Kaskazini tangu 1948, katika majalada yenye alama DC/NN. Kisumu iko chini ya DC/CN na PC/NZA. Humo kuna kesi za mabaraza na malalamiko ya mashamba. Mtu wa kawaida hatajwi ila alishtaki au alishtakiwa.

Vipimo vya damu (DNA)

Hivi viwe vya mwisho, na kwa ridhaa ya kila anayepimwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari hizo kuwa nyeti. Pima kizazi cha juu kabisa kilicho hai: ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hushiriki kama asilimia 25 ya DNA, wakati wajukuu wa babu mmoja na nyanya tofauti hubaki na takriban 6, kiasi ambacho ni rahisi kukisoma vibaya. Sampuli huchukuliwa ndani ya shavu kwa pamba. Usile, usinywe wala kuvuta sigara nusu saa kabla.

Kipimo cha mstari wa kiume huonyesha kama wanaume wawili wametoka shina moja, basi. Babu na kaka yake wana alama ileile. Kwa hiyo swali la tero, au la baba mdogo aliyelala mahali asipopaswa, kipimo hicho hakiwezi kulijibu hata ukilipa mara mbili.

Ukimaliza, rudi kwenye kurasa zako nne na kila moja uiandikie neno moja: kweli, yaelekea, haijulikani, au si kweli, na chini yake nani alisema na karatasi ipi, pamoja na tarehe. Nakala usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kama kuna mtu huko Nakuru, yeye ndiye wa kwanza kuonyeshwa, ana kwa ana, na kadi ya kijani ibaki kwenye bahasha hadi atakapouliza mwenyewe.