Spea imefika imevunjika: usikimbilie gundi

Hapa nachukulia mfano wa taa ya mbele ya gari iliyoagizwa Dubai ikaja Dar es Salaam kwa ndege. Hatua tatu za kwanza zinafaa pia kwa mzigo wa basi la mkoani.

1. Kabla ya kusaini, zungusha boksi. Kona iliyobonyea, seloteipu iliyobandikwa juu ya nyingine, dalili ya maji: piga picha, namba ya mzigo ionekane. Kijana wa kuleta mzigo akikuharakisha, andika kwenye karatasi yake: "Boksi limebonyea, kifaa hakijakaguliwa." Ukisaini kimyakimya, mzigo unahesabiwa umefika salama na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yako.

2. Fungua huku simu inarekodi, video moja isiyokatwa. Usitupe boksi wala sponji. Boksi likiwa zima ila taa inachezacheza ndani, mdai muuzaji, kafunga vibaya. Likiwa limetoboka, mdai msafirishaji.

3. Kagua panapofichika. Kwenye taa ni masikio ya kufungia, yaani vishikio vinavyoishikilia kwenye gari. Moja likikatika, taa itatetemeka daima. Mapezi ya rejeta yaliyolala hunyooshwa, lakini ziba midomo yake, izamishe majini, pitisha upepo kidogo, tafuta mapovu: yakitoka, inavuja. Diski ya breki yenye ufa usiifunge hata ukipunguziwa bei. Na usigundishe chochote kabla madai hayajaisha: ukishakigusa, watasema umekivunja wewe.

4. Andika madai, simu peke yake haitoshi. Kwa mzigo wa ndege wa kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 14 tangu kupokea. Zikipita, shirika la ndege huna tena la kulidai, labda uthibitishe ulaghai wa shirika hilo.

Hapa ndipo wengi hushangaa: kikomo cha fidia huenda kwa uzito, si kwa bei. Tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF). Taa ya kilo 4 haivuki SDR 104, hata kama ni ya LED na imekugharimu mara tano ya hapo. Dawa yake ni muuzaji kutangaza thamani wakati wa kutuma na kulipa ada inayotakiwa. Kwa taa, mimi hung'ang'ania hilo. Kwa diski, nzito na za bei ya kawaida, sihangaiki.

5. Kampuni ya vifurushi ya hapa Tanzania ikikaa kimya, nenda TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), ndiyo inayotoa leseni zao. Beba nakala ya barua uliyowaandikia kwanza.