Kupima sukari nyumbani kwa mgonjwa wa kisukari ambaye ini limesinyaa

Nafanya kazi ya uuguzi kliniki ya kisukari, Mwanza. Binti mmoja alimleta baba yake, mvuvi mstaafu mwenye homa ya ini B ya miaka mingi: ini limesinyaa, bandama imevimba, tumbo linajaa maji. Karatasi ya maabara ilisema HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu) 5.4%. Nikampongeza mzee mbele ya wenzake kwenye foleni. Binti akaniuliza, "Sista, mbona kiu haimwishi, na usiku anaamka kukojoa mara nne?" Nikasingizia vidonge vya kutoa maji. Miezi miwili baadaye binti kanunua mashine, kampima baba saa mbili baada ya ugali wa mchana: 15.8 mmol/L, sukari iliyopaa.

Mwongozo huu naandika kwa ajili ya watu kama yule binti.

1. Mashine

Kabla ya kununua, uliza bei ya stripu na kama duka la dawa la karibu linaziuza. Mashine ya bure isiyo na stripu ni pambo la kabatini. Kama mgonjwa ana upungufu wa damu, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi sehemu ya hematokriti (kiasi cha chembe nyekundu kwenye damu), maana damu ikiwa nyepesi kuliko kiwango kilichoandikwa pale, mashine inaweza kuonyesha sukari ya juu kuliko iliyopo.

2. Kutoboa kidole

Nawa kwa sabuni, kausha, toboa pembeni ya ncha ya kidole. Aliyetoka kumenya embe bila kunawa atapata namba ya kutisha.

3. Usiegemee kipimo cha miezi mitatu

Hapa ndipo nilipojikwaa, kwa hiyo nivumilie.

HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe huishi siku kama 120, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kunata sukari. Ini likisinyaa, damu hushindwa kupita vizuri, bandama inavimba na kuanza kuzivunja chembe kabla ya wakati wake. Zinazobaki ni changa, hazijakaa na sukari muda wa kutosha. Kipimo kinashuka, sukari iko palepale. (Huku kandokando ya ziwa kichocho nacho huvimbisha bandama, kwa hiyo si wenye homa ya ini peke yao.)

Mgonjwa akitapika damu halafu akaongezewa, sehemu ya damu unayopima ni ya mtu mwingine. Na usidhani kipimo hudanganya upande mmoja tu: upungufu wa madini ya chuma unaweza kukipandisha. Ndiyo maana huwezi kusema "nitaongeza asilimia moja, mambo yatakuwa sawa." Kuna kipimo mbadala, fruktosamini, lakini hicho kinategemea protini za damu, hasa albumini, ambayo hutengenezwa na ini lilelile linaloumwa.

Sisemi karatasi itupwe. Ikiwa juu, ichukulie kwa uzito. Ikiwa nzuri mno, ishuku.

4. Saa za kupima

Wengi hupima asubuhi tu kabla ya chai, kisha wanafunga daftari. Kwa mgonjwa huyu hiyo ndiyo saa inayoficha zaidi. Ini zima hupokea sukari ya chakula, likaiweka akiba, likaitoa usiku kidogo kidogo. Lililosinyaa halipokei vizuri na halina akiba ya maana, hivyo sukari hupaa baada ya kula na huweza kuanguka alfajiri.

Stripu zikiwa chache, mimi hugawa hivi: leo kabla ya chai na saa mbili baada ya chakula cha mchana, kesho kabla ya kulala na saa mbili baada ya chakula cha jioni. Mara moja kwa wiki amka saa tisa usiku umpime. Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asibane stripu hivyo, apime kila siku kadiri daktari alivyopanga. Asilale na njaa. Kikombe cha uji kabla ya kulala kinasaidia. Kama una uwezo wa kununua sensa ya kubandika mkononi, nunua hata moja tu ya wiki mbili. Itakuonyesha usiku mzima.

5. Sukari ikishuka

Chini ya 3.9 (yaani 70 kwa mashine za mg/dL): vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa, kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Wengi wa wagonjwa hawa wa ini hunywa propranolol kuzuia mishipa ya koo la chakula isipasuke, na dawa hiyo huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio. Jasho hubaki. Tafuta jasho.

Akianza kuongea ovyo, familia husema "ni ini limepanda kichwani." Huenda kweli. Pima kwanza. Asiyeweza kumeza usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Hata namba ikiwa nzuri, kuchanganyikiwa huko ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

6. Daftari

Daftari la mistari linatosha, programu za simu sizipendi kwa sababu simu huazimwa na wajukuu. Andika saa, namba, na alichokula. Siku aliyoongezewa damu iandike kwa kalamu nyekundu, na daktari yeyote atakayeagiza HbA1c ndani ya miezi mitatu inayofuata, mfunulie ukurasa huo kabla hajaandika fomu.