Kabla hujatoa hela ya Land Rover 109 inayotaka kufufuliwa

Yaani ukiikuta 109, ile Land Rover ndefu ya zamani, imelala chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mtu, matairi yamezama kwenye udongo na mwenye gari anakwambia hii inataka betri tu, hapo ndo watu wengi wanatoa hela. Subiri kidogo. Naipenda hii gari kuliko gari nyingine yoyote, na kwa sababu hiyo nataka ifufuke kweli, isije ikahama tu kutoka chini ya mwembe wake ikaja chini ya mwembe wako.

Kwanza usidanganyike na bodi. Bodi ya hizi za zamani ni aluminiamu, hailiwi na kutu kama bati, kwa hiyo juu inaweza kupendeza kabisa huku chini kumeoza. Kinachooza ni chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari yote, ile ni chuma halafu ina uwazi ndani kama boksi, maji na tope vinaingia vinakaa humo miaka, inaoza kuanzia ndani kuja nje. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, vaa nguo za kuchafuka, ingia uvunguni ugonge kuanzia mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza sauti yake imekufa. Niliwahi kugonga moja pale springi ya nyuma inaposhikwa, imepigwa rangi nyeusi nzuri tu, nyundo ikazama na kutu ikadondoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Tundu moja mawili yanachomelewa. Ikiwa imeoza pande zote mbili hapo kwenye springi basi ujue gari yote inafumuliwa na chesisi inabadilishwa. Iliyoishi Tanga au Dar karibu na bahari igonge mara mbili, ya Dodoma inakuwaga na nafuu.

Halafu kadi. Nyingi zilikuwa za mzee na mzee keshafariki, anayekuuzia ni mtoto mmoja kati ya sita. Muulize msimamizi wa mirathi ni nani na karatasi ya mahakama uione kwa macho, la sivyo utaifufua gari ndugu wengine waje waidai ikiwa imeshapendeza. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishe na kadi, maana 109 nyingi zimeshafungwa injini ya Toyota au Isuzu na kadi haijawahi kurekebishwa, kaulize TRA kabla ya kulipa siyo baada.

Injini hainitishi sana. Ile ya asili ya 2286 cc, petroli au dizeli, fundi mzoefu anaifungua na kuifunga bila shida. Toa plagi, tia oili kidogo kwenye silinda uache ikae, halafu izungushe na hendo, ikigoma hesabu kwamba unanunua gari isiyo na injini na bei ishuke. Series III, yaani toleo la tatu la hizi Land Rover, zilitoka 1971 mpaka 1985, na kuanzia 1980 krenki, ile shafti kuu ya injini, inashikwa na beringi kubwa tano badala ya tatu, ukipata ya beringi tano usiiache.

Ila kinachoua hii miradi ni vitu visivyokuwepo. Kilichoharibika fundi anakichonga au anakitumia kama sampuli, kisichokuwepo utakizungukia Arusha, Nairobi, mpaka uagize Uingereza. Kwa hiyo moja ikiwa imepakwa rangi lakini haina mita, vitasa, fremu za vioo wala shafti ya mbele, na nyingine inatisha kwa ubaya lakini ina kila kitu mpaka jeki yake, chukua hiyo mbaya. Na kabla hujapatana bei andika vyote vinavyokosekana upeleke kwa muuza spea akupe bei, hapo ndo utajua gari inauzwa shilingi ngapi.

Fundi mpate kabla ya gari. Muulize ataanzia wapi, akianza na rangi tafuta mwingine. Niliwahi kuacha gari wazi kwenye gereji moja nikarudi nikakuta kabureta haipo na hakuna anayejua imekwenda wapi, toka siku hiyo kila kinachofunguliwa nakipiga picha, nakitia kwenye kiroba chenye jina lake na narudi nacho nyumbani. Kwa hiyo hakikisha una chumba kitupu chenye kufuli, na mwenzio wa ndani amekubali kwamba kitanuka grisi mwaka mzima au zaidi.