Tangazo la kulipwa nchini Kenya: jinsi ya kuomba PIN, kutoa ankara, kuweka lebo na kudai ulichokatwa

Kampuni ikikutafuta uitangaze kwenye TikTok au Instagram, mtu wa mwisho kuamua kama utalipwa ni mhasibu wake, na mhasibu hana habari na idadi ya wafuasi wako. Anataka PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Ukizikosa, kazi huenda kwa mwingine, au unafanya kazi kisha unazungushwa miezi.

Tangu Julai 1, 2023, Sheria ya Fedha ya mwaka huo inaitaja kazi hii waziwazi kuwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Humo mna posti za kulipwa, udhamini, kamisheni za linki, michango ya mashabiki na uuzaji wa haki za picha au video zako. Anayekulipa anakukata asilimia 5 ukiwa mkazi wa Kenya, au asilimia 20 ukiwa si mkazi, na anatakiwa kuipeleka KRA ndani ya siku 5 za kazi. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Kwa mkazi, kodi hiyo ni malipo ya awali tu na hesabu kamili huja mwisho wa mwaka. Wengi hawalijui hili, wanapoteza pesa iliyo yao.

Hatua ya kwanza: PIN

Ingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA (itax.kra.go.ke), au piga *572#. PIN ni bure; ukienda saiba, duka la intaneti, unalipia mikono ya aliyekujazia fomu. Uwe na namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na jina la mzazi kama lilivyoandikwa ulipochukua kitambulisho. Herufi moja ikipishana, mfumo unakukatalia.

Angalia sana sehemu ya barua pepe na simu. Mtu wa saiba akiharakisha huweka za kwake, na tangu siku hiyo kila namba ya siri ya KRA inaingia kwenye simu yake. Weka zako mwenyewe, hata kama ni lazima ufungue barua pepe mpya papo hapo.

Kwenye orodha ya wajibu wa kodi, chagua kodi ya mapato ya mtu binafsi mkazi, na useme kwamba una mapato ya biashara. Usiguse VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Inakuhusu mauzo yako yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Aliyejisajili bila kujua anatakiwa kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi) kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita, na akichelewa faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Kuondolewa VAT ni ombi jingine kabisa, na faini zilizokwisha kuandikwa hazifutiki kwa sababu umejiondoa.

Kama ulichukua PIN zamani ukiomba mkopo wa masomo wa HELB au ulipoajiriwa, usiombe nyingine. Ingia iTax, nenda kwenye kurekebisha taarifa, ongeza mapato ya biashara, na ukiwa humo badilisha namba ya simu uliyokwisha kuitupa. PIN ya mtu binafsi huanza na herufi A, ikafuatwa na tarakimu 9 na herufi moja ya mwisho.

Hatua ya pili: ankara ya eTIMS

Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi ya aliyeilipa. Ndiyo maana kampuni inakubana hata kama huna VAT. Jisajili kwenye tovuti ya eTIMS kwa PIN yako. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye simu iliyo iTax, na ndipo kosa la saiba linapojitokeza. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, eTIMS Lite inatosha, na ipo pia kwa *222#.

Andika PIN ya mnunuzi, kiasi kamili kabla ya makato, na maelezo yanayosomeka: "video 1 ya TikTok na stori 3 za Instagram". Neno "huduma" peke yake humfanya mhasibu akurudishie. Usiongeze asilimia 16 ya VAT kama hujasajiliwa. Hiyo ni kodi usiyo na ruhusa ya kuikusanya.

Kabla ya kusaini

Mkataba useme kiasi kabla ya zuio, siku ya malipo, idadi ya posti, na kwamba lebo ya tangazo itawekwa. Kampuni ikisema "fanya ionekane ya kawaida tu", iombe iyaandike maneno hayo. Mara nyingi huishia hapo. Useme pia kampuni inaruhusiwa kuisukuma video yako kama tangazo lake kwa siku ngapi. Bila kikomo, sura yako inaweza kuuza bidhaa hiyo mwaka mzima kwa malipo ya wiki moja.

Kuna kazi za kukataa hata zikilipa vizuri. Mwaka 2025 bodi ya kusimamia kamari ilizuia watu maarufu na washawishi wa mitandaoni kutumika kwenye matangazo ya kamari. Tumbaku imefungiwa matangazo na sheria ya 2007. Dawa haitangazwi mpaka Bodi ya Famasia na Sumu iidhinishe tangazo lenyewe, kwa hiyo mwenye dawa akuletee idhini hiyo kwa maandishi. "Imesajiliwa" haitoshi, kwani usajili wa dawa na idhini ya tangazo ni vitu viwili.

Ukipiga picha watu, pata ridhaa yao iliyoandikwa. Kwa mtoto, ya mzazi au mlezi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kumtumia mtu kibiashara bila ridhaa kunaadhibiwa kweli: Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja wake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi.

Hatua ya tatu: lebo

Sheria ya Ushindani ya 2010 na ile ya Kulinda Watumiaji ya 2012 zinakataza kumpotosha mnunuzi, na chini ya ile ya kwanza adhabu inafika faini ya shilingi milioni 10 au kifungo cha miaka 5. Mtu anayeamini unasifia mafuta ya ngozi kwa hiari, kumbe umelipwa, anatoa pesa yake kwa kuelewa vibaya. Mtazamaji ni lazima ajue umelipwa kabla hajashawishika. Ukimwambia baadaye, umekwisha kumuuzia.

Instagram: baada ya kuhariri, fungua mipangilio ya ziada, washa Paid partnership, chagua akaunti ya kampuni. Kama kitufe hakionekani, badilisha akaunti yako iwe ya kitaalamu. TikTok: kwenye ukurasa wa kuposti tafuta Content disclosure, kisha Branded content ukilipwa na mwingine, au Your brand ukiuza cha kwako. YouTube: kwenye maelezo ya video, weka tiki kwamba ina matangazo ya kulipwa, ujumbe unaonekana sekunde 10 za mwanzo.

TikTok ina mtego wake. Ukiwasha Branded content, nyimbo nyingi zinazovuma zinafungwa na unabaki na maktaba ya muziki wa kibiashara. Wengi wakiona wimbo umepotea wanazima lebo. Usizime. Chagua muziki kabla ya kuanza kuhariri, maana video iliyokatwa kwa midundo ya wimbo mmoja haikubali wimbo mwingine.

Tena usiiachie programu kazi yote. Andika "TANGAZO" kama neno la kwanza la maelezo, kwa sababu mistari inayofuata hufichwa mpaka mtu abonyeze. Kwenye video, sema kwa mdomo na uandike kwenye skrini, herufi nene juu ya mandhari yenye rangi tofauti. Wapo wanaotazama bila sauti na wapo wanaosikiliza bila kuangalia. Stori 3 zinahitaji lebo 3, kwani mtu anaweza kuingia kwenye ya pili. Kwenye video ya moja kwa moja (live) rudia kila baada ya dakika chache, kwa kuwa watu huingia na kutoka.

"Asante sana kwa familia ya kampuni fulani" haimwambii mtu kitu. "Kolabo" nayo ina utata, kwa kuwa wanamuziki wawili nao hufanya kolabo. Sema "nimelipwa", au "nimepewa bure" kama ulipewa nguo, chakula au chumba cha hoteli. Ukiwa na namba ya punguzo (promo code) inayokupa kamisheni, sema unapata kitu mtu akiitumia.

Hatua ya nne: cheti cha zuio na ritani

Tuseme mkataba ni shilingi 60,000. Kampuni inakata 3,000, unapokea 57,000. Cheti cha hiyo 3,000 kinatoka iTax na kuja kwenye barua pepe yako. Kisipofika wiki moja baada ya malipo, kidai. Bila cheti, KRA haijui kwamba umelipa, na ikiwa kampuni ilikata ikakaa na pesa, mapema ndiyo nafasi yako ya kuipata.

Ritani ya mwaka inawasilishwa kati ya Januari 1 na Juni 30 ya mwaka unaofuata. Andika 60,000 kama mapato, si 57,000. Toa gharama zenye ankara za eTIMS, kama taa na maikrofoni. Kisha ingiza vyeti vyote. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kutuma ritani tupu, ile ya nil, huku vyeti vya zuio vimejaa kwenye PIN. Tangu Januari 2026 KRA inalinganisha ritani na data ya zuio na eTIMS, hivyo tofauti inaonekana mara moja. Kuchelewa ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile kubwa.

Kama faida yako ya mwaka haizidi shilingi 288,000 na huna mapato mengine, kodi ya asilimia 10 ni 28,800, na nafuu ya mtu binafsi kwa mwaka ni 28,800 pia. Hudaiwi chochote, na kila shilingi uliyokatwa ni yako. Baada ya ritani kupokelewa, fungua sehemu ya kurejeshewa kodi ndani ya iTax, jaza namba ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lako, na tuma ombi ndani ya miaka 5. Vyeti, mikataba, ankara na picha za skrini za posti zikionyesha lebo vihifadhi kwa miaka hiyo 5, kwa sababu ofisa akikagua ombi lako ataviitisha.