Kuondoa ukurasa Google: robots.txt si kufuli
Wengi huandika Disallow kwenye robots.txt, faili la tovuti lenye maelekezo kwa roboti (programu za Google na nyinginezo zinazosoma kurasa), wakidhani ukurasa utatoweka Google. Hautatoweka. Amri hiyo huizuia roboti kuusoma ukurasa tu. Tovuti nyingine zikiweka kiungo chake, anwani bado yaweza kujitokeza kwenye matokeo, bila maelezo.

Ondoa kwanza zuio hilo, kisha weka <meta name="robots" content="noindex"> ndani ya head, sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa; noindex huiambia Google isiuonyeshe ukurasa kwenye matokeo. Ukiviacha vyote viwili, roboti haiingii, na noindex haisomwi kamwe. Hapo ndipo wengi hukwama. Kuiandika noindex ndani ya robots.txt nako ni bure: Google iliacha kuitambua Septemba 2019.

Una haraka? Zana ya kuondoa kurasa kwenye Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, huficha kwa takriban miezi 6 tu. Nyaraka za siri ziwekee nywila. Noindex haimzuii mwenye kiungo kuufungua ukurasa.