Jinsi ya Kuunda kwa Mkono Datsun 240Z ya Safari Rally kwa Kipimo cha 1/24

Anayetaka kuunda gari dogo la mashindano tangu mwanzo, bila kununua seti ya vipande kutoka kiwandani, hana budi kuamua kwanza ni gari lipi hasa analoliunda. Haitoshi kusema "Datsun 240Z", kwa kuwa gari lililouzwa dukani, gari lililosimama kwenye mstari wa kuanzia na gari lililofika mwisho likiwa limevaa tope ni magari matatu mbele ya macho ya fundi. Mwongozo huu unafuata gari namba 11, jekundu lenye boneti nyeusi, ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo East African Safari Rally ya mwaka 1971. Nissan, kampuni iliyotengeneza magari ya Datsun, imelihifadhi gari hilo Zama, nchini Japani, na picha zake si haba. Picha za leo zitakusaidia kupata umbo, lakini kwa taa, stika na uchafu zitegemee picha zilizopigwa wakati wa mashindano yenyewe.

Kipimo cha 1/24 kinafaa kwa kazi hii, kwani gari linakaa kiganjani na bado lina nafasi ya nyaya za injini. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma wa milimita 2305 unakuwa milimita 96, urefu wa milimita 4115 unakuwa 171.5, na upana wa milimita 1630 unakuwa karibu 68. Vipimo usivyovipata katika maandishi vitafute kwenye picha iliyopigwa kutoka ubavuni, kwa mbali, kwa sababu picha ya karibu huvimbisha sehemu iliyo mbele ya kamera. Pima kwa rula umbali wa ekseli kwenye picha hiyo. Ukipata milimita 120, basi kila milimita ya picha ni milimita 19.2 za gari halisi, na kwa hesabu hiyo moja utajua kimo cha mlango, upana wa kioo na mahali inapoanzia boneti.

Anza na magurudumu. Wengi huyaacha hadi mwisho, nami naamini huko ndiko magari mengi madogo yanakoharibikia, kwa maana gurudumu likizidi hata nusu milimita gari zima huonekana kama mchezo wa mtoto. Rimu ya inchi 14 inakuwa milimita 14.8, na tairi la 175 (yaani upana wa milimita 175) la gari hilo lilipotoka kiwandani lina kipenyo cha takriban milimita 26.5 na upana wa milimita 7.3; kwa matairi ya mashindano, linganisha vipimo hivyo na picha kabla ya kukata chochote. Asiye na mashine ya kukereza anaweza kuibana drili kwenye jiliwa, akafunga kipande cha plastiki ngumu mahali pa keekee, kisha akakichonga kwa tupa na msasa kinapozunguka. Chonga rimu moja na tairi moja tu kwa uangalifu wote ulio nao, uzimiminie silikoni upate kalibu, halafu umimine rezini mara nne, au mara tano ukitaka gurudumu la akiba. Vaa kinyago unapoipiga rezini msasa, na dirisha liwe wazi.

Bodi ndiyo kazi kubwa, na ndiyo tamu kuliko zote. Tafuta kipande cha mbao laini kisicho na nyuzi nene. Mjakaranda unaotumiwa na wachongaji wa vinyago nchini Kenya unafaa sana, mradi uwe umekauka barabara, la sivyo utapasuka baada ya kuchongwa. Bandika juu yake mchoro wa ubavuni, ukate kwa msumeno, kisha ubandike mchoro wa juu na ukate tena. Baada ya hapo tengeneza violezo vya kadibodi vinavyoonyesha mkato wa gari sehemu mbalimbali: kwenye taa za mbele, katikati ya boneti, chini ya kioo cha mbele, mlangoni, na mahali paa linapoanza kushuka kuelekea nyuma. Chonga kidogo, weka kiolezo, tazama mwanga unaopenya kati ya kadibodi na mbao, kisha chonga tena. Uzuri wa 240Z umo katika mstari wa bega unaopanda taratibu juu ya gurudumu la nyuma, nao hauonekani kwa kutazama tu. Funga macho upitishe kidole gumba kutoka mlangoni hadi kwenye taa za nyuma, na kidole kitakuonyesha kibonde ambacho jicho lilikuwa limekiruka.

Kumbuka kwamba mbao hii ni kalibu tu ya kufinyangia juu yake bodi ya plastiki. Ukikusudia kutumia bapa la plastiki ya polistirini lenye unene wa milimita 1, kalibu ipungue milimita 1 kila upande, na iendelee chini ya mstari wa milango kwa sentimita moja au mbili ili mikunjo ya plastiki iangukie sehemu utakayoitupa. Na kwa kuwa ubavu wa gari hurudi ndani kuelekea chini, plastiki itaing'ang'ania kalibu na kukataa kutoka; kwa hiyo ipasue kalibu kwa urefu vipande vitatu, cha katikati kikiwa kama kabari, ili ukichomoe kwanza na vile viwili vya pembeni vilegee. Ziba vinyweleo vya mbao kwa puti, pulizia andakoti, kisha piga msasa wa maji hadi namba 600, kwa sababu kila mkwaruzo wa kalibu utajitokeza kwenye plastiki.

Bapa hubanwa kwenye fremu na kupashwa joto mpaka lilegee na kubonyea katikati, ndipo linaposhushwa haraka juu ya kalibu iliyowekwa kwenye sanduku lenye matundu madogo, huku mashine ya kufyonza vumbi ikivuta hewa kutoka chini. Likishapoa, kata madirisha kwa wembe, ukibakiza ukingo mdogo wa kumalizia kwa tupa. Mistari ya milango na boneti ichore kwa mgongo wa wembe, ukipita mara nyingi bila kukandamiza. Bati la gari lenye unene wa milimita 0.8 lingekuwa milimita 0.03 kwa kipimo hiki, jambo lisilowezekana kwa plastiki. Hivyo parua kwa ndani kingo zinazoonekana tu, hasa kwenye matao ya magurudumu, na jicho litaamini kwamba bodi yote ni nyembamba.

Ndani ya gari hapahitaji maelezo mengi: viti, usukani na dashibodi huundwa kwa vipande vya plastiki, na mikanda kwa utepe mwembamba wa kitambaa.

Injini inastahili subira zaidi. Injini ya gari hili, iitwayo L24, ina silinda sita kwa mstari na ujazo wa sentimita za ujazo 2393. Mabomba ya kuingizia hewa na ya ekzosi yote yako upande wa kushoto, ilhali plagi na distributa ziko kulia, na fundi akiyachanganya mambo haya, kila anayelijua gari hilo atagundua mara boneti inapofunguliwa. Waya wa plagi wenye unene wa milimita 7 unakuwa milimita 0.3, kwa hiyo uzi wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme wa zamani unatosha kabisa ukipakwa rangi nyeusi. Weka nyaya sita za plagi na mmoja wa koili, zote zikiwa na mkunjo wa kulegea kidogo.

Kabla ya kupaka rangi, fanya jaribio kwenye kipande cha plastiki kilichobaki, kwani thina kali ya rangi za magari huyeyusha polistirini. Andakoti iwe nyeupe, kwa sababu nyekundu iliyolala juu ya kijivu hufifia. Pulizia matabaka membamba kadhaa, ukiyapa nafasi ya kukauka. Tabaka nene litafukia mistari ya milango uliyoihangaikia. Boneti iwe nyeusi isiyong'aa. Stika zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi ya stika za maji, ila printa ya kawaida haina wino mweupe, kwa hiyo sehemu nyeupe zipakwe rangi kwanza.

Mwisho huja vumbi, na hapa wengi hukimbilia kuchota udongo halisi. Chembe ya mchanga ya robo milimita, kwa kipimo cha 1/24, ni kokoto ya milimita 6, na hakuna vumbi la namna hiyo. Tumia chaki ya rangi iliyosagwa na kuchujwa kwa soksi nyembamba ya kike, ukichanganya nyekundu na kahawia, na uipake kwa brashi laini kuanzia nyuma ya kila gurudumu kuelekea juu. Acha safi sehemu ya kioo cha mbele inayofutwa na waipa, na futa kwa pamba kuzunguka vitasa vya milango, ambako mikono ya dereva na msaidizi wake ilishika kila waliposimama.